Ndoto za kujitambua: anayeanza aache kuhesabu vidole mchana, aweke kengele ya alfajiri

#1 Lepe

Wakuu, salaam.

Kila anayeuliza namna ya kujitambua ndani ya ndoto hujibiwa kitu kilekile: hesabu vidole mara kumi kwa siku, ipo siku utavihesabu ukiwa ndotoni, utakuta sita, utajua unaota. Nadai kwamba ushauri huo unampotezea anayeanza miezi. Kinachofanya kazi ni kukatiza usingizi kwa wakati wake.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwishoni mwa mzunguko huja REM, ule usingizi wa macho kuchezacheza, na humo ndimo zinamootwa zile ndoto ndefu zenye picha kali. REM ya kwanza ya usiku ni ya dakika chache, mara nyingi haizidi 10. Ya alfajiri hufika nusu saa na kupita. Basi ukilala saa tano usiku, kengele iite saa kumi alfajiri. Inuka, kaa macho dakika 30 hadi 60, urudi kitandani na wazo moja tu: ndoto inayokuja nitaitambua.

Mtu akifanya hivyo mara mbili kwa wiki, vidole vya mchana vinamwongezea nini?

#2 KalamuMtoni

Umeruka hatua, Lepe. Mtu asiyekumbuka ndoto zake anaweza kujitambua usiku na asubuhi asijue kama lilitokea. Kabla ya kengele kuna daftari.

Ukizinduka, usijigeuze na usifumbue macho. Mwili ukisogea tu, ndoto inamwagika. Jiulize "nilikuwa wapi sasa hivi?", wala si "niliota nini?", maana mahali au sura hurudi upesi kuliko kisa kizima. Ukiambulia kipande, kishike, uliza kilichotangulia kabla yake, uende kinyumenyume. Ikiwa hakuna kitu, jigeuze taratibu kwenye mkao mwingine uliozoea kulala nao, usubiri dakika moja. Mara nyingi ndoto huja na mkao wake.

Kisha andika maneno manne au matano gizani: "ngazi, mwalimu, maji, kiatu kimoja". Maelezo kamili yafuate baadaye. Tia tarehe, ipe ndoto jina. Asubuhi isiyo na kitu andika "sikumbuki", au hata hali uliyoamka nayo, kama huzuni au haraka. Usiache ukurasa mtupu, kwa sababu kumbukumbu ya ndoto hukua kwa kudaiwa kila siku.

Mtu asiguse mbinu nyingine yoyote mpaka apate angalau ndoto moja kila asubuhi kwa siku saba mfululizo.

#3 Mkesha

Nakubaliana na #2, ila narudi kwa Lepe. Kosa haliko kwenye vidole, liko kwenye namna vinavyohesabiwa. Mtu anatazama kiganja nusu sekunde, anajua jibu kabla ya kutazama, anaendelea na shughuli. Huko ndotoni atafanya vivyo hivyo: atatazama, ataona vitano kwa sababu alitarajia vitano, ataridhika kwamba yu macho.

Kipimo kina sehemu mbili. Ya kwanza ni swali lenyewe, uliulize kwa dhati: hapa nimefikaje? Dakika tano zilizopita nilikuwa nafanya nini? Kuna kitu kisichokaa sawa? Lichukue kwa sekunde 15 nzima, ukikubali kwamba jibu linaweza kuwa "naota". Paul Tholey, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliijengea mbinu yake juu ya swali hilo. Sehemu ya pili ndiyo kitendo, na vitendo havilingani kwa nguvu:

– Bana pua, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote.
– Soma mstari wa maandishi, geuza macho, usome tena. Ndotoni maneno hubadilika au huyeyuka.
– Saa ya tarakimu, kwa kutazama mara mbili, hivyohivyo.
– Sukuma kidole kwenye kiganja ukitarajia kipenye.
– Swichi ya taa. Ndotoni mwanga mara nyingi hukataa kubadilika ghafla.

Tumia viwili kila mara. Na usivifunge kwenye saa, vifunge kwenye matukio: unapopita mlangoni, unaposhtuka, unapomwona mtu usiyemtarajia. Ndotoni hakuna kengele ya kila saa, lakini milango na mishtuko imejaa.

#4 Zuhura_7

Mkesha, kwa nini pua iwe bora kuliko vidole?

#5 Mkesha

Kwa sababu pua unayoibana ni ya ndotoni, na iliyo kitandani iko wazi, inaendelea kuvuta hewa. Pumzi inapita huku umebana, na hapo hakuna ubishi. Vidole vinategemea picha inayochorwa na ubongo, na ubongo unaweza kukuchorea vitano safi kabisa.

#6 FundiUsingizi

Shukrani kwa uzi. Nina marekebisho mawili kwa #1 na nyongeza moja ndefu.

Dakika 90 ni wastani. Mzunguko hutofautiana baina ya mtu na mtu, na hata ndani ya usiku mmoja, kwa hiyo usihangaike kupiga hesabu ya dakika. Kengele ikiita popote kati ya saa nne na nusu na saa sita baada ya kulala, inatosha. Pili, ndoto hazimo ndani ya REM peke yake. Watu wakiamshwa kwenye hatua nyingine pia husimulia ndoto, ingawa mara nyingi ni fupi na zimepauka.

Nyongeza: Lepe ametaja "wazo moja tu" akaliacha hewani, wakati ndilo kiini. Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndiye aliyelipa utaratibu, na wapenzi wa mambo haya wanauita MILD. Mimi nauita njia ya nia:

1. Ukiamka na kengele, kumbuka ndoto uliyotoka nayo, kama alivyoeleza KalamuMtoni. Iliyo karibu ikikosekana, chukua yoyote ya siku za karibuni.
2. Tafuta ndani yake jambo ambalo ukiwa macho lisingewezekana: aliyefariki anazungumza, chumba hakina mlango, unaruka bila shida. Hiyo ni ishara yako.
3. Ukishalala chali au ubavu, sema moyoni: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota."
4. Papo hapo jione umo ndani ya ndoto ileile. Ishara inatokea, unaiona, unasema "naota!", unaendelea ukijua.
5. Rudia la 3 na la 4 mpaka nia ikae. Fikra zikichepuka, zirudishe mwanzo. Hilo liwe jambo la mwisho kabla usingizi haujakupitia.

Linaloharibika zaidi ni hatua ya 3. Watu wanaikariri kama kasuku, mara mia, mpaka maneno yanakufa. Maneno kumi yenye nia yanashinda mia matupu. Kinachofanyishwa kazi hapa ni ile kumbukumbu ya jambo la baadaye, unayoitumia ukiambiwa "ukimwona fulani mpe salamu zangu". Hurudii salamu kutwa nzima. Unaifunga kwa fulani, na ukimwona inajitokeza yenyewe.

Kuhusu takwimu: mwaka 2017 Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide alichapisha utafiti wa wiki moja ya mazoezi. Waliochanganya vipimo vya mchana, kuamka alfajiri na njia ya nia walifanikiwa kwa takriban asilimia 17. Miongoni mwao, pale waliposinzia ndani ya dakika 5 baada ya kumaliza njia ya nia, mafanikio yalikaribia asilimia 46.

#7 Lepe

Ahsante Fundi, hiyo 46 naikata na kuiweka mfukoni. Bila kuamka alfajiri isingepatikana.

#8 KalamuMtoni

Iweke mfukoni, lakini mfuko wenyewe ni kumbukumbu. Aliyejitambua akasahau hahesabiwi popote.

#9 Alfajiri05

Naomba msaada kwenye #1 na #6. Mtu akikaa macho dakika 45 halafu usingizi usirudi hadi kunakucha, kosa ni lipi? Na anayelala papo hapo akiweka kichwa mtoni, kabla hajamaliza hata sentensi moja?

#10 FundiUsingizi

Hayo ni makosa mawili yanayokinzana, na kila moja lina tiba yake.

Usingizi ukigoma, umeamka kupita kiasi. Punguza dakika kwa nusu: 45 ziwe 20, 20 ziwe 10. Walio na usingizi mwepesi huhitaji dakika 5 tu, bila hata kushuka kitandani. Taa iwe hafifu. Simu isiguswe. Mwanga wake ni tatizo dogo. Ujumbe ulioingia ndio unaokupeleka asubuhi kabla ya wakati. Nenda msalani, kunywa funda moja la maji, rudi. Na usijibane kwa "lazima leo", kwani hamu kali ni dawa ya kuamsha.

Ukipitiwa mapema mno, fanya kinyume. Keti, shusha miguu sakafuni, soma ndoto za juma hilo kwenye daftari kwa dakika 20 au 30, tembea kidogo. Ukilala tena, chagua mkao usio ule wako wa kawaida.

Mara mbili kwa wiki zinatosha, tena siku ambazo asubuhi yake huna pa kuwahi. Kila dakika ya kukesha iongezwe mwisho wa usingizi. Ukijinyima usingizi usiku baada ya usiku, unafupisha ileile REM ya alfajiri unayoitafuta. Na anayeendesha gari au mashine asubuhi asicheze na jambo hili.

#11 Bintinjozi

Salaam wote. Naona mnapigania njia moja. Kuna watu hawaoni picha wakifumba macho, na hatua ya 4 ya Fundi kwao ni ukuta. Wajaribu njia ya hisi.

Amka baada ya saa nne au tano za usingizi, kaa macho dakika 5 hadi 10 tu. Lala kwa mkao mwepesi. Sasa pitisha umakini kwenye hisi tatu kwa zamu. Kwanza macho yaliyofumbwa: tazama weusi ulio nyuma ya kope, bila kukaza. Kisha masikio: mvumo, mlio wa ndani, ukimya. Kisha mwili: uzito, joto, mapigo ya moyo. Huo ni mzunguko mmoja. Anza na mizunguko minne ya haraka, sekunde mbili tatu kwa kila hisi. Fuatisha mitatu au minne ya polepole, sekunde 20 hivi kwa kila hisi. Halafu acha kila kitu, geukia mkao unaoupenda, ulale.

Kosa la kwanza ni kusubiri jambo litokee wakati wa mizunguko. Halipaswi kutokea. Mizunguko hupanda mbegu tu, na kujitambua huja baadaye ndani ya ndoto, au kwa kuamka kwa uongo. Kosa la pili ni kuhesabu sekunde, kwa sababu kuhesabu kunaamsha. Kadiria.

#12 Alfajiri05

"Kuamka kwa uongo" ndiyo nini, dada?

#13 Bintinjozi

Unaota kwamba umeamka. Chumba ni chako, kitanda ni chako, unaanza hata kuvaa. Siku za mbinu hizi huja mara nyingi, kwa hiyo weka sheria: kila unapofumbua macho, bana pua kabla ya lolote. Hapo namuunga mkono Mkesha. Hicho ni kipimo kimoja cha siku chenye thamani kuliko tisa vya mchana.

#14 Mkesha

Nashukuru, ingawa umenibakizia kimoja kati ya kumi.

Nitaje na njia ya kuingia moja kwa moja ukiwa macho, kwa sababu wanaoanza huivamia kutokana na sifa zake. Unaamka alfajiri vilevile, unalala bila kujitikisa, unaacha mwili ulale huku akili ikishika uzi mwembamba, kama kuhesabu pumzi: "moja, naota, mbili, naota." Unapita kwenye mang'amung'amu. Maluweluwe yanaanza: rangi, sura, vipande vya sauti. Usiyafukuze wala usiyaparamie. Yatazame mpaka yawe mahali, kisha ingia.

Wengi hukwama kwa sababu moja kati ya mbili. Wanameza mate, wanajikuna, wanaanza upya kila dakika. Au wanaijaribu wanapolala mwanzo wa usiku, wakati REM iko mbali zaidi ya saa nzima. Pia hii ndiyo njia inayokutana na jinamizi uso kwa uso. Kwa anayeanza naiweka ya mwisho.

#15 MzeewaMito

Vijana, mmelitaja jinamizi mkapita haraka, na ndilo linalowakimbiza watu.

Wakati wa REM ubongo hulegeza karibu misuli yote ili mtu asiigize ndoto yake. Macho na msuli wa kupumua huachwa. Akili ikizinduka kabla ya mwili kufunguliwa, unajikuta umekabwa: huwezi kuinua mkono, kifua kizito, na mara nyingi unahisi kuna kiumbe chumbani. Uzito wa kifua unatokana na kwamba unataka kuvuta pumzi kubwa kwa hiari na misuli haikutii, ilhali pumzi ya kawaida inaendelea bila wewe. Kiumbe ni ndoto inayovuja ndani ya chumba huku hofu imewaka.

Hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, nayo huachia yenyewe. Usipigane nalo, maana kupigana kunalisha hofu. Pumua taratibu, pindapinda kidole kimoja cha mguu, au chezesha macho kulia na kushoto. Kulala chali na kukosa usingizi wa kutosha hulizidisha, basi aliyeonja mara moja alale ubavu.

#16 Lepe

Mzee, heshima yako. Tulikuwa kwenye vidole, tumefika kwenye jinamizi, na bado sijajibiwa. Lakini hayo macho yaliyoachwa huru ndiyo yaliyowasaidia Stanford kuthibitisha kwamba ndoto hizi zipo.

#17 FundiUsingizi

Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, ndicho kilichotangulia. Aprili 1975 mtafiti Keith Hearne alinasa ishara za macho za Alan Worsley, aliyekuwa usingizini ndani ya REM, akizungusha macho kushoto na kulia kama walivyopatana. LaBerge alifika hapo kwa njia yake mwenyewe miaka michache baadaye, na chapisho lake la 1981 ndilo lililovuma. Jina lenyewe la ndoto hizi kwa Kiingereza, "lucid dreams", ni kongwe zaidi: Mholanzi Frederik van Eeden alilitumia mwaka 1913. Na mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilichapisha matokeo ya mazungumzo ya pande mbili: mtu anaota, anaulizwa 8 kutoa 6, anajibu kwa macho.

#18 Zuhura_7

Na anayejitambua, lakini ndoto ikakatika baada ya sekunde tano?

#19 Bintinjozi

Hilo huwapata karibu wote mwanzoni. Furaha inamwamsha. Ukishajua unaota, usifanye kitu kikubwa. Simama. Sugua viganja kwa nguvu uhisi joto lake, gusa ukuta, papasa kitambaa, tazama ardhi kisha vitu vilivyo karibu, kimoja baada ya kingine. Usikodolee kimoja, kitafifia. Ndoto inashikwa kwa hisi, na ya kugusa ndiyo yenye mshiko.

Picha ikianza kupauka, LaBerge alifundisha kujizungusha papo hapo kama pia. Husaidia, lakini mara nyingi hukutupa mahali pengine au kwenye kuamka kwa uongo. Kwa hiyo wakati unazunguka, jikumbushe kwamba kitakachofuata nacho ni ndoto.

Ikikatika kweli, baki umefumba macho bila kusogea na uiwaze ileile kwa dakika moja. REM ya alfajiri haijaisha, na wengi hurudi ndani.

Uwe na lengo moja dogo ulilopanga mchana: kupita ukutani, kumuuliza mtu wa ndotoni swali. Wanaotaka kuruka angani mara ya kwanza ndio wanaoamka mapema.

#20 MzeewaMito

Atakayeuliza vidonge nimjibu kabla. Galantamine ilipimwa mwaka 2018: waliopewa miligramu 4 walifanikiwa asilimia 27, miligramu 8 asilimia 42, waliopewa kidonge kitupu asilimia 14. Ila walikuwa watu wenye uzoefu, na waliitumia pamoja na kuamka usiku na njia ya nia. Ni dawa ya maradhi ya Alzheimer, inaleta kichefuchefu na inaweza kupunguza kasi ya moyo. Si ya kujinunulia. Vitamini B6 nayo imeonekana kuongeza kumbukumbu ya ndoto, lakini dozi kubwa ya muda mrefu huharibu neva. Pombe hubana REM ya mwanzo wa usiku na kuvurugavuruga iliyobaki. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza REM pia. Asiache mtu dawa yake kwa ajili ya ndoto.

Na anayesikia sauti zisizokuwepo, au ambaye mstari kati ya halisi na njozi humpotea mchana, mazoezi haya ayaache mpaka azungumze na daktari wake.

#21 Mkesha

Lepe, jibu lako. Kipimo cha mchana si cha kukufikisha ndotoni. Kinakujengea tabia ya kushuku, na ndoto hubeba tabia za mchana. Unaposhtuka ndotoni, aliyezoea kushuku atauliza. Asiyezoea atatunga sababu ya samaki kuwemo kabatini.

#22 FundiUsingizi

Mimi naona vinginevyo. Katika utafiti ule wa Aspy, vipimo peke yake havikuleta tofauti ya maana kwa wiki hiyo. Nia iliyofungwa kwenye ishara ndiyo inayofanya kazi, na kipimo ni cha kuthibitisha tu pale shaka inapokuwa imeshaingia.

#23 Mkesha

Wiki moja ni fupi kwa tabia, Fundi. Hesabu wiki nne.

#24 Alfajiri05

Ahsanteni nyote. Basi wiki ya kwanza mtu aanze na lipi?

#25 KalamuMtoni

Daftari tu. Kengele ipumzike.

#26 Lepe

Daftari na kengele moja mwisho wa wiki, dakika 15 za kukaa macho, na njia ya nia ya #6. Ndoto utakayoamka nayo alfajiri itajaza daftari la Kalamu kuliko asubuhi sita za "sikumbuki".

#27 Bintinjozi

Na pua, Lepe. Kila unapofumbua macho.